Niliandika Mteja Asiyekuwepo

Mliniacha wiki iliyopita mlangoni mwa duka langu, nikimrudishia kiongozi wa kwaya mabunda yake ya vitambaa huku majirani wakinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Sare arobaini, na mimi nimezikataa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kwa ambaye hakuwapo, nitasema kwa kifupi. Mimi ni fundi cherehani. Nina mtoto mmoja, tunamwita Bonge, na mashavu yake yanaeleza sababu. Jioni tatu kwa wiki nasoma masomo ya biashara.

Mwalimu wetu wa jioni alituuliza siku ya kwanza, kila mmoja amtaje mteja wake. Mimi nikasema mteja wangu ni yeyote mwenye mwili. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Akaniambia niende nyumbani, nikishamjua nirudi nimwambie.

Nilimjua siku nilipokumbuka choo cha kiwandani. Nilirudi kazini Bonge akiwa na miezi mitatu, na sare yetu ilikuwa gauni lenye zipu mgongoni. Ili nikamue maziwa ilibidi nilivue lote mpaka kiunoni, nimesimama, mlango nimeuzuia kwa mguu, na msimamizi anagonga akiuliza kama nimelala humo.

Basi mteja wangu ndiye huyo. Mama anayerudi kazini na bado ananyonyesha.

Nikabuni gauni lenye zipu mbili zilizofichwa chini ya marinda ya kifuani. Ukilivaa, bosi wako haoni kitu. Ukilihitaji, unavuta tu. Nikaacha mapazia, nikaacha kupunguza suruali, nikaacha sare. Pembeni nikaweka kiti cha kunyonyeshea na pazia lake. Nikawa nafungua saa sita mchana ambapo mafundi wengine wanaenda kula, maana hiyo ndiyo saa wanayopata mama zangu.

Mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu na mtu wa maneno machache, alinipa muda. Bonge akitimiza mwaka na duka halijasimama kwa hao mama zangu peke yao, narudi kwenye mapazia na masomo ya jioni nayaacha. Nikakubali.

Sasa Bonge ana miezi kumi na moja na wiki moja.

Hapo ndipo tulipo. Na ninachowasimulia leo sikionei haya kukisema, ila nilikionea haya kukitenda.

Lazima kwanza mlijue daftari langu. Lina jalada jekundu, linakaa juu ya meza ya kukatia, chini ya mkasi mkubwa. Kila mama nimemwandika kwa jina la utani, ili hata mtu akilichungulia asijue ni nani. Kuna Mwalimu wa Hesabu, kuna Mama wa Benki, kuna Nesi wa Zamu. Inafuata simu, halafu vipimo. Na safu ya mwisho ndiyo roho ya biashara yangu yote: tarehe ya kurudi kazini.

Wiki mbili kabla ya tarehe hiyo nampigia mama aje nimpime upya, kwa sababu mwili wa mzazi unabadilika kila wiki. Nikimpigia mapema mno, gauni litapwaya. Nikichelewa, atakuwa ameshajinunulia chochote. Wiki mbili. Hesabu hiyo niliipata kwa kuharibu magauni sita.

Jumatatu nikampigia Mwalimu wa Hesabu.

Akanishangaa. Akasema si nimeshampigia wiki iliyopita, na yule msichana wangu si alikuja mpaka nyumbani kumpima.

Nikamwambia sina msichana.

"Alisema ametoka kwako," akasema. "Alijua mpaka siku ninayorudi shuleni, mama. Nani mwingine ningemfungulia mlango na mtoto mikononi?"

Nikampigia Mama wa Benki. Naye ameshapimwa. Nesi wa Zamu gauni lake lilikuwa tayari limefika, na akaniambia kwa upole kwamba zipu ya kushoto inakwama, niwe mwangalifu.

Zipu ya kushoto inakwama. Na lawama zote zinakuja kwangu.

Nilikaa kwenye kile kiti cha kunyonyeshea nikahesabu kwa vidole. Mtu anawafikia wiki tatu kabla, wiki moja mbele yangu. Tarehe hizo hazipo kliniki, hazipo kwa mwalimu wa jioni, hazipo kichwani mwa mtu. Zipo kwenye daftari jekundu tu.

Na daftari jekundu linashikwa na watu wawili, mimi na wifi yangu.

Wifi ni dada wa mume wangu, mdogo wake wa mwisho, na mkono wake kwenye cherehani ni mwepesi kuliko wangu. Nilipowakataa wanakwaya ndiye aliyenuna kupita wote. Alisema nafukuza watu kana kwamba nimeshiba. Baadaye akatania kwamba akija mwanamume na suruali imechanika nitamwambia akazae kwanza. Tulicheka wote. Lakini kuanzia Jumatatu ile kicheko hicho nilikigeuza geuza nikaona kina miiba.

Ukishaanza kumshuku mtu, kila anachofanya kinakuja na ushahidi wake.

Wifi alikuwa anaondoka saa tisa badala ya saa kumi na moja. Simu yake aliilaza kifudifudi mezani. Jumanne nikamkuta anakata kitambaa cha kijivu ambacho hatukukinunua, na aliponiona akakikunja haraka akakitia mkobani. Nikamuuliza ni cha nani. Akasema ni cha mtu.

Halafu uzi. Jumanne jioni nikimvua Bonge soksi nilikuta uzi wa zambarau umemnasa kwenye kisigino. Sisi hatuna uzi wa zambarau. Sijawahi kushona zambarau tangu nifungue. Uzi ule ulitoka kwenye duka la fundi mwingine, na kila siku wifi akifika lazima ambebe Bonge kabla hata hajavua viatu.

Nikauviringisha uzi ule kwenye kipande cha karatasi, nikauficha kwenye sidiria kama mpelelezi wa kwenye sinema.

Sikumwambia mume wangu. Ningemwambiaje kwamba dada yake anatuuza? Nilimwambia mama mkwe.

Nataka mjue jinsi mama mkwe alivyokuwa tegemeo langu. Kila mchana anakuja dukani kumchukua Bonge, anakaa naye kidogo kwenye stuli karibu na meza ya kukatia wakati mimi nampima mteja nyuma ya pazia, kisha anambeba kwenda kupunga hewa. Hajui kusoma. Husema mwenyewe kwamba macho yake hayakupitia shule, na kila mwezi ananiletea karatasi ya dawa zake za presha nimsomee, asubuhi vidonge vingapi, jioni vingapi. Namsomea mara mbili, pole pole, na yeye ananishika mkono kwa shukrani.

Ana akili lakini. Juzi tu niliomba zipu za inchi tisa, akanipa boksi lenyewe bila kuuliza, kati ya maboksi matano yanayofanana. Nikasema mama wewe ungekuwa fundi.

Nilipomweleza shaka yangu alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Akasema binti yake tangu utoto ana mikono miwili, mmoja wa kupokea na mmoja wa kuficha. Akasema yeye kama mzazi hawezi kuingilia. "Ila fungua macho, mwanangu," akaniambia. "Usimwonee mtu haya kwa sababu ni damu yangu."

Mzazi amtoe mwanawe hivyo? Nikaona basi kumbe mambo ni makubwa.

Jumatano nikatega mtego.

Nilikuwa na simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, na laini yake haijulikani na mtu. Nikaichaji. Nikafungua daftari jekundu, nikaandika mteja asiyekuwepo. Nikamwita Mama Pacha. Nikaandika namba ya simu ile. Tarehe ya kurudi kazini nikaweka wiki tatu kamili kutoka siku ile, ili mwizi amwone kama tunda lililoiva.

Zikabaki safu za vipimo. Hapo nikakwama.

Mtu asiye fundi hawezi kuelewa. Vipimo vya kubuni fundi mwenzio anavijua papo hapo, kama unavyojua meno ya bandia. Bega likiwa hivi, kifua hakiwezi kuwa vile. Nilijaribu mara tatu nikafuta, na kila mara mwili niliouchora haungeweza kusimama wala kukaa. Mwisho nikachukua futi, nikajipima mwenyewe, nikaandika vipimo vyangu. Vya kweli kabisa, mpaka ile nusu inchi ya nyonga iliyogoma kuondoka tangu nijifungue.

Nikaliacha daftari mahali pake, chini ya mkasi, nikasubiri.

Alhamisi asubuhi wifi akalifungua. Nilikuwa napiga pasi, namwangalia kupitia kioo cha kupimia. Akafika ukurasa wa mwisho. Akasoma. Akasogeza daftari karibu, akasoma tena. Halafu, wasomaji wangu, akatabasamu peke yake.

Nusura niunguze kola.

Akachukua kipande cha chaki akajinakilia kitu kwenye ukingo wa kitambaa chake cha kijivu, akakitia mkobani. Saa nane na nusu akaniaga. Nikamuuliza anawahi wapi. Akasema kuna mtu anamsubiri. Sikuuliza zaidi, nikarudi kwenye pasi.

Simu ya zamani niliibeba kwenye mfuko wa aproni siku mbili nzima. Haikuita.

Ijumaa mama mkwe akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeona chochote. Nikamwambia nimeona, nasubiri tu ajichanganye. Akanipigapiga begani. Akambeba Bonge na kopo lake wakaenda.

Kopo hilo ni la maziwa ya unga. Nililijaza vifungo vilivyobaki kwenye kazi mbalimbali, vya mbao, vya chuma, vikubwa na vidogo, nikalifunga kwa gundi na kulishonea koti la kitambaa cha kijani. Bonge hakubali kutoka bila hilo. Akilitikisa, hasikii mtu. Mume wangu analiita king'ora.

Jumamosi ikafika.

Mama mkwe alikuja mapema, akamchukua Bonge saa tano. Wifi akaja baada yake, jasho linamtoka, mkoba umetuna. Hakunisalimia vizuri. Akauweka ule mkoba chini ya cherehani yake, akausogeza kwa mguu mpaka ukutani.

Nilikuwa na mteja mpya nyuma ya pazia, mama mdogo tu, msajili wa wagonjwa, ananyonyesha. Nilijua sipaswi kufanya nilichofanya mbele yake. Kile kiti nilikiweka kwa ajili ya amani ya mtu kama yeye. Lakini siku tano za kumeza maneno zilikuwa zimenifika shingoni.

Nikainama, nikauvuta mkoba wa wifi, nikaufungua.

Ndani kulikuwa na gauni la kijivu, limekwisha, limepigwa pasi. Zipu mbili chini ya marinda. Kazi safi kuliko yangu. Nikachukua futi nikapima bega, nikapima kifua, nikapima nyonga. Ile nusu inchi ilikuwapo.

"Mama Pacha," nikasema. "Umeshamshonea Mama Pacha. Unampelekea kwa jina langu, au hili unampelekea kwa jina lako?"

Wifi aliniangalia bila kuelewa. Halafu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeharibiwa siri ya heri.

"Livae," akasema.

Nikamwambia asinifanyie mzaha.

"Livae, wifi."

Sijui kwa nini nilitii. Labda nilitaka ajiaibishe mwenyewe. Nikaingia kwenye chumba cha kupimia nikalivaa. Likaniingia kama maji. Hakuna lilipobana, hakuna lilipopwaya. Nikasimama mbele ya kioo na kwa mara ya kwanza tangu nimzae Bonge nikaona mtu, sio godoro lililofungwa kamba.

Nilipotoka, wifi alikuwa ameweka mikono kiunoni, macho yanamng'aa.

Akasema mwili ule anaujua kama wake, si ndiye aliyenishonea magauni yote ya mimba. Alipoona vipimo kwenye daftari alijua mara moja ni mimi, na akadhani nimeona haya kujiandika kwenye daftari la wateja wangu. Tena alikuwa ameshaanza kulikata kwa kukisia, ili siku nitakapoelezea biashara yangu mbele ya darasa la jioni nisiende na lile gauni langu la rangi ya vumbi. Vipimo vilimfurahisha kwa sababu vilimwondolea kazi ya kunivizia na futi. Alikuwa analishonea kwa rafiki yake, kwa cherehani ya kuazima, ili nisilione.

Nikaona tabasamu linashuka taratibu, kama pazia lililokatika kamba upande mmoja.

"Wifi," akasema. "Kama ni wewe, kwa nini uliandika jina lingine? Na hiyo namba ya simu ni ya nani?"

Nikalitazama daftari jekundu.

"Ulikuwa unanitega."

Ndani ya pazia yule mama mteja alikohoa, kikohozi cha mtu anayetamani kuwa mahali pengine.

Nikajaribu kumweleza habari za Mwalimu wa Hesabu, za yule msichana anayejifanya wangu, za wiki tatu. Nikatoa mpaka ule uzi wa zambarau kutoka kifuani na kuufungua kwenye kiganja. Wifi akautazama. Akasema kwa utulivu kwamba hana zambarau, na rafiki yake hana zambarau, anashona vitambaa vyeupe tu vya hospitali, niende nikaangalie.

"Nilinuna kuhusu wanakwaya," akasema, "kwa sababu niliogopa kaka atakufungia duka. Nilidhani umeelewa."

Akavua futi shingoni, akaitundika kwenye msumari wake. Akachukua mkoba mtupu. Mlangoni akageuka, nikadhani atanitukana, na ningeshukuru kama angenitukana.

"Zipu ya kulia ivute kwa upole siku za kwanza," akasema. "Bado mpya."

Akaenda.

Yule mama mteja alitoka na mtoto wake begani, akanipa pole bila kuniangalia, akasema atapita siku nyingine. Sikumwandika kwenye daftari. Nilikosa hata nguvu ya kumuuliza anarudi kazini lini.

Basi nikabaki peke yangu saa sita na nusu mchana, saa niliyoichagua mwenyewe kwa ajili ya wateja wangu, ndani ya gauni nililoshonewa kwa upendo, na hakuna mtu dukani. Nimempoteza wifi, nimebakiwa na wiki tatu Bonge atimize mwaka, na wateja wangu bado wanavunwa na mtu nisiyemjua.

Ndipo simu ya zamani ikaita.

Ilitetemeka kwenye aproni niliyokuwa nimeitundika kwenye kiti. Niliifikia kwenye mlio wa nne. Namba ngeni.

"Habari za mchana. Nazungumza na Mama Pacha?"

Sauti ya msichana, laini, imefundishwa adabu. Nikabana pua kidogo nikasema ndiye.

Akasema anapiga kutoka kwenye duka langu. Alilitaja kwa jina lake kamili. Akasema kumbukumbu zao zinaonyesha narudi kazini karibuni, na wangependa kuja nyumbani kunipima, maana wanajua mama mwenye pacha hatoki ovyo. Nyuma yake cherehani mbili zilikuwa zinakimbia kwa pamoja.

Nikamuuliza watakuja lini, ili tu aendelee kusema.

Ndipo nikasikia kopo.

Kwanza nilidhani ni cherehani imelegea nati. Halafu likatikiswa tena. Vifungo vya mbao, vya chuma, vikubwa na vidogo, ndani ya koti la kitambaa. Kopo lile lipo moja tu duniani, kwa sababu nililitengeneza kwa mikono yangu. Na likafuatiwa na kicheko ambacho ningekitambua hata nikiwa maiti.

Nikashika ukingo wa meza ya kukatia.

Msichana akaniomba radhi, akasema karatasi aliyoandikiwa ina kipimo asichokielewa, nisubiri kidogo. Akaiziba simu kwa kiganja, lakini hakuiziba vizuri.

"Bibi, hapa kwenye nyonga ni ngapi? Nusu au robo?"

Sauti ikamjibu. Sauti ninayoisomea karatasi ya dawa kila mwezi, mara mbili, pole pole. Ilisoma mstari wote kwa ufasaha, bega, kifua, kiuno, nyonga na nusu yake, bila kukwama popote, kama mtu anayesoma gazeti.

Nilitazama stuli iliyo karibu na meza. Nilitazama daftari jekundu, na mkasi juu yake. Nilitazama futi ya wifi ikining'inia kwenye msumari.

Msichana akarudi kwenye simu. Akasema kila kitu kiko sawa, limebaki swali moja tu la kukamilisha fomu.

"Watoto wana umri gani, mama?"

"Ni mmoja," nikasema, na pua nikaiachia. "Ana miezi kumi na moja na wiki moja. Yupo hapo mlipo, ameshika kopo. Mpe simu bibi yake."

Cherehani ya kwanza ikasimama. Ya pili ikafuata.

Halafu kopo nalo likanyamaza.